Mratibu na Faili Iliyobaki Jina Tu

Mratibu hakuwahi kupokea kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Ukimpelekea papai, atataka kujua limechumwa shamba la nani. Ukimpelekea habari, atauliza nani alikuambia na alikuambia lini, na kama hujui atakutazama mpaka habari yenyewe ikuishie mdomoni. Ofisi ya mradi wetu pale Kiboko ilikuwa imejaa wanawake wenye ndimi kali, mimi nikiwa mmoja wao, na bado udaku haukudumu pale. Hatukuwa watakatifu. Ni vile udaku haupendi kuulizwa maswali.

Nilikuwa mpiga chapa wake kwa miaka mingi. Wakulima walimwita Mratibu, nasi tukamwita Mratibu, na hata mumewe alipopiga simu aliuliza kama Mratibu yupo. Jina lake siliandiki kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuandikwa. Aliweka alama kwenye kila kitu duniani isipokuwa yeye. Sikuwahi kuona picha yake ya usichana, sikuwahi kusikia hadithi ya mama yake, na nilipojaribu kumwuliza alinipa kazi ya kupiga chapa.

Namkumbuka zaidi kwa ajili ya mizinga ya nyuki ya Kalunde. Mizinga ile nusura impotee Kalunde kwa sababu ya Mratibu, na kama haikumpotea ilikuwa ni kwa sababu ya Mratibu pia. Lakini huwezi kuelewa lililotokea kabla hujamjua mwanamke mwenyewe na vitambaa vyake.

Vitambaa vilikuwa ugonjwa. Kila leso iliyochakaa nyumbani kwake iliishia kuchanwa ikawa tepe. Funguo za ofisi zilikuwa na utepe, sufuria ya chai ilikuwa na utepe, na kuku wake, waliokuwa wakirandaranda nyuma ya ofisi kinyume cha kanuni za mradi, kila mmoja alifungwa mguuni uzi wa rangi ya mtu aliyempa. Siku moja dereva wa lori alisimama akitaka kununua jogoo. Mratibu akaanza kumweleza jogoo yule ni wa uzao gani na mama yake alitoka boma lipi. Dereva alisikiliza kwa heshima, kisha akasema yeye anataka supu tu, hana mpango wa kuoa.

Mradi wetu ulikuwa wa asali na mbegu za kienyeji, na hapo vitambaa vilikuwa na maana. Kila debe la asali lililoingia stoo lilikuwa na utepe wenye jina la mwenye mzinga, mti ulipotundikwa na msimu. Wafanyabiashara wa Mwingi waliokuja kununua walimwona amechanganyikiwa, kwa maana wao walimimina yote katika pipa moja. Kwao asali ilikuwa asali. Mratibu aliwajibu kwamba mbegu usiyojua ilikotoka ni chakula tu, na asali usiyojua ilikotoka ni sukari. Wakacheka, wakanunua, na nje ya lango wakang'oa tepe zote. Yeye alisimama mlangoni akiziangalia zikipeperuka kuelekea barabara ya Mombasa, kisha akanituma nikaziokote.

Alikuwa pia mtu wa kanisa, tena kanisa lisilotaka hata kusikia harufu ya pombe. Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Jumatatu aliwauzia asali wazee ambao nchi nzima ilijua wanatengeneza pombe ya asali. Mchungaji alipomfuata kumwuliza, alimjibu kwa upole kabisa kwamba utepe unaonyesha asali imetoka wapi, hauonyeshi inakwenda wapi. Mchungaji aliondoka na chupa moja ya asali ya kikohozi, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mtu huyu aliyetaka kujua asili ya kila kitu hakuwa na subira na salamu. Kwetu Ukambani mzee akifika mahali hasemi lililomleta hadi aulize habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na za yule mgonjwa wa mwaka juzi. Mratibu aliinua mkono. Sema shida yako, mzee. Wengi waliudhika, na mama mmoja kutoka Mbumbuni, jirani yetu wa nyumbani, aliniambia kwamba bosi wangu amesoma mpaka adabu ikamwagika. Nilimtetea, lakini moyoni nilikubaliana naye.

Katikati ya miaka ya tisini wafadhili walituletea kompyuta. Ilikuwa Mac, ya rangi ya maziwa, na ilikuja na kipaza sauti kidogo cha duara ambacho kiliweza kunasa maneno ya mtu yakabaki ndani ya mashine. Mratibu aliipenda kupita kiasi. Aliifunika kwa leso mpya, akaizuia isitazame barabara kwa sababu ya vumbi, akaiita mgeni. Makao makuu ya mradi, Kitui mjini, walikuwa na kompyuta za aina nyingine, za DOS. Mashine zetu na zao hazikuelewana, ila tuliweza kutumiana diski ndogo ambazo pande zote mbili zilizisoma kwa taabu.

Kila ripoti iliyorudi kutoka Kitui ilirudi imevuliwa nguo. Jina lake refu lilikuwa limekatwa likabaki herufi nane. Picha yake ndogo ya kupendeza ilikuwa imegeuka karatasi nyeupe. Ukiibonyeza, Mac ilisema haijui ni programu gani iliyoitengeneza. Mratibu alisema imesahau mama yake, na akakasirika hasa, kama siku ile ya tepe barabarani.

Fundi alikuja kutoka Nairobi akatueleza. Kwenye Mac, alisema, faili ni nyumba ya vyumba viwili. Cha mbele kina maneno uliyoandika. Cha nyuma kina mambo yanayoihusu faili: nani aliitengeneza, inafunguliwa na nini, inavaa picha gani. DOS inajua chumba kimoja tu. Kwa hiyo Mac ikiandika kwenye diski ya DOS, huchukua vile vya chumba cha nyuma ikavificha katika folda ya pembeni, ambayo mashine ya DOS haiionyeshi hata kidogo. Mtu wa DOS akinakili anachokiona, anachukua chumba cha mbele na kuacha cha nyuma.

Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yake, kisha akafungua ile ripoti kwa njia nyingine na kuyakuta maneno yote yapo.

"Basi kinachopotea ni nguo," alisema. "Mwili uko."

Fundi alisema kwa kawaida ni hivyo, akarudi Nairobi. Neno hilo "kwa kawaida" sote tulilisikia, na hakuna aliyelishika.

Mwenzetu wa upande wa Kitui alikuwa Zuhura, karani, binti wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliokaa mji ule tangu enzi za babu zao waliotoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka hivi kwamba mimi nilikohoa kwanza kabla ya kumjibu kwenye simu. Zuhura alipokea diski za ofisi zote za nyanjani, akanakili faili kwenye mashine yao kubwa, akafuta diski na kuturudishia tuzitumie tena. Diski zilikuwa adimu. Mratibu alimsifu sana kwa hilo. Alisema ndivyo mtu mwenye akili anavyosuuza kibuyu kabla ya kukijaza upya.

Mwaka huo wazee wa nyuki walikuja Kiboko kwa mafunzo, na miongoni mwao alikuwa Mzee Muthui wa Nuu pamoja na binti yake Kalunde. Kalunde ndiye aliyekuwa akipanda miti. Hilo halikuwa jambo la kawaida, maana mizinga ni kazi ya wanaume, na watu walimsema. Lakini mzee macho yalikuwa yamefifia, hakuwa na mtoto wa kiume, na binti alikuwa ameifanya kazi ile tangu utoto, akafukiza moshi, akarina, akaumwa na nyuki mpaka wakamzoea. Mizinga ile ilichongwa alama ya ukoo kwenye kifuniko, kama ilivyo desturi, kila mpita njia ajue ni ya nani asiguse. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Alama ilisema mizinga ni ya ukoo ule. Haikusema ni ya Kalunde. Mdogo wake mzee alikuwa ameshasema wazi kwamba ndugu yake akifa ataichukua.

Mzee alimwomba Mratibu amwekee maneno yake ndani ya mashine. Kaseti hakuitaka, kwa kuwa kaseti za Nuu zote ziliishia kurekodiwa nyimbo juu yake. Mratibu alikubali mara moja. Alimketisha mbele ya kile kipaza sauti, akamwonya kwamba diski ni ndogo, haibebi zaidi ya maneno ya dakika chache, kwa hiyo aseme jambo lenyewe.

Mzee Muthui alisema ndiyo, amesikia, akaanza kusalimu. Alisalimu wazee wa Nuu mmoja mmoja. Alimsalimu aliyevunjika mguu akauliza kama anatembea. Alisalimu waliokwenda Voi wakapotelea huko. Mratibu alimwonyesha kwa mkono kwamba muda unakwisha. Mzee hakuona, au aliona akapuuza. Akakohoa. Akasalimu wengine. Nilikuwa nyuma ya kiti chake na nilimwona Mratibu akifumba macho kwa hasira. Mwishoni kabisa, mashine ikikaribia kujaa, mzee alisema kwamba mizinga yote iliyoko mtoni na kilimani ni ya Kalunde, mtu asimguse. Hapo sauti ikakatika.

Tuliipa faili jina lake, tukaiweka kwenye diski, tukaituma Kitui kwa basi. Baada ya siku kadhaa Mratibu alimpigia Zuhura simu.

"Jina la mzee wa Nuu liko hapo kwa mashine yenu?"

"Lipo, Mratibu. Nimeliona kwa macho yangu."

Sauti ile ilikuwa imemeza nafasi kubwa kwenye Mac yetu, na ripoti ya mwaka haikuwa na pa kukaa. Kwa kuwa jina lilikuwa Kitui, Mratibu aliifuta ya kwetu. Niliona akibonyeza.

Mzee Muthui alifariki kabla ya mvua nyingine. Kalunde alikuja Kiboko akiwa amenyoa nywele, akakaa kwenye benchi la nje mpaka Mratibu alipotoka.

"Mratibu, mimi nimekuja kuchukua sauti ya baba," alisema. "Baba mdogo ameshaweka vijana wake kwa ile mizinga ya mtoni. Wazee wamesema kama baba alisema, wao watasikiza."

Mpango ulikuwa kuitoa Kitui, kuicheza kwenye Mac, na kuihamishia kwenye kaseti apeleke Nuu. Diski ilikuja kwa basi kesho yake, Kalunde akiwa bado anangoja kwenye benchi. Tuliiingiza. Jina lilikuwepo, limekatwa kama kawaida, na ile karatasi nyeupe kando yake. Mratibu alijaribu njia yake ya kila siku ya kufungua faili zilizovuliwa nguo. Ilifunguka. Ndani hapakuwa na kitu.

Baadaye fundi alituambia kwa simu kwamba sauti za aina ile Mac yetu iliziweka zote katika chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Tulikuwa tumetuma mlango wenye jina, na nyumba ikafutwa pamoja na diski. Lakini kabla ya fundi tulimpigia Zuhura, na Mratibu akamwomba asome namba iliyo kando ya jina, ile inayoonyesha uzito wa faili. Zuhura akasoma sifuri.

"Niliiona sifuri hiyo tangu siku ile," alisema. "Nikadhani ni lebo tu mmeiweka, Mratibu, kama zile tepe zenu. Ninyi kila kitu mnakifunga jina. Ningejuaje?"

Mratibu alimwambia hana kosa. Alirudisha simu polepole. Mtu mwingine yeyote angetuma faili tupu, Zuhura angepiga simu kuuliza. Ya kwetu hakuuliza kwa sababu sisi tulikuwa watu wa majina.

Nilidhani atamtuma mtu akamwambie Kalunde. Alikwenda mwenyewe, akaketi kwenye benchi kando yake, akamweleza kwamba sauti ya baba yake haipo tena na kwamba aliyeifuta ni yeye, kwa mkono wake. Kalunde hakulia. Alitazama malori yakipita.

"Kwa hivyo baba amebaki jina," alisema.

Siku zilizofuata Mratibu hakufunga utepe wowote. Niliogopa. Nilikuwa nimezoea kumcheka, na sasa niliona kwamba nilimpenda, na kwamba sikujua la kumfanyia. Kisha akaniambia nijiandae, tunakwenda Nuu.

Kikao kilifanyika uwanjani nyumbani kwa marehemu. Wazee walikuwa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, baba mdogo upande mmoja, Kalunde upande mwingine chini na wanawake. Mratibu alisimama akasema kwa Kikamba kilichonyooka kwamba alinasa maneno ya mzee, kwamba mashine imeyapoteza kwa uzembe wake, lakini yeye aliyasikia. Mzee alisema mizinga yote ni ya Kalunde. Akaketi.

Baba mdogo alicheka, na sikumlaumu. Alisema kwamba hata yeye anaweza kusimama hapo na kudai ndugu yake alimwachia Kiboko yote pamoja na barabara ya lami. Watu wakacheka naye. Mwenyekiti wa kikao, mzee aliyeegemea fimbo kwa sababu ya mguu wake, alisubiri watulie. Kisha akamwuliza Mratibu swali ambalo Mratibu mwenyewe angeliuliza.

"Alianza namna gani?"

Mratibu alisimama tena. Nilimwona akifumba macho, vilevile kama siku ile ofisini. Na akaanza kusalimu. Alisalimu wazee wa Nuu mmoja mmoja kwa mpangilio ule ule, kila jina mahali pake. Alimsalimu aliyevunjika mguu, na mwenyekiti akaishika fimbo yake. Alisalimu waliopotelea Voi, na mwanamke mmoja nyuma akaitikia kama anayejibu mtu hai. Alifika mahali mzee alipokohoa, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Kila salamu aliyoitamani ikatwe ilikuwa imemkaa kichwani, kwa sababu ya hasira.

"Kisha akasema," Mratibu aliendelea, "nimsalimu ndugu yangu, niliyembeba mgongoni siku ya nyuki, na mama hatukumwambia."

Baba mdogo alikuwa akinong'ona na kijana wake. Aliacha. Uso wake ulibadilika mbele yetu sote, ukawa uso wa mtoto. Sijui mpaka leo siku ile ya nyuki ilikuwa na nini, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Mratibu alimalizia: mizinga ya mtoni na ya kilimani ni ya Kalunde, mtu asimguse.

"Ni yeye," alisema baba mdogo, akitazama chini. "Hayo ni maneno yake. Mpeni mtoto mizinga."

Kalunde ndipo akalia. Wanawake walimshika. Mratibu alikuja akasimama kando yangu. Njiani kurudi, tulipokaribia Mwingi, aliniuliza kama mama yangu kule Mbumbuni bado ana kile kikohozi. Nilishtuka. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani.

Baada ya hapo mkono wake haukuinuka tena. Mzee akifika ofisini, aliulizwa habari za ng'ombe, na tukachelewa kula kila siku. Zuhura naye alianza kupiga simu kwa kila sifuri aliyoiona, mpaka nikamwomba apunguze. Kuhusu diski, Mratibu aliamuru kwamba hakuna cha kufutwa Kiboko kabla ya kilichoko Kitui kurudi kwetu na kufunguliwa na kusikika. Mradi ulipofungwa, tulikuwa na sanduku zima la diski ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzisuuza.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka wa tisini na tisa, nyumbani kwa mpwa wake nje kidogo ya Kitui mjini. Nilikuwa nimeonywa kwamba anasahau. Nilimkuta barazani, amekonda, leso imemfunika magoti. Mezani palikuwa na debe la asali lenye utepe: Kalunde, mgunga wa mtoni, mvua za vuli. Niliinama kumsalimu, naye akanitazama kwa uangalifu mkubwa, na nikajua kwamba jina langu halipo.

Nikafungua mdomo nijitaje. Akainua mkono, ule mkono wa zamani.

"Usiniambie," alisema. "Wewe ni wa Mbumbuni. Ulikuwa unapiga chapa na redio imewashwa. Ulichukia maziwa ya kuku... hapana, kuku hana maziwa. Mayai. Mayai ya kuchemsha. Uliokota tepe zangu barabarani, malori yakakupigia honi. Mama yako alikuwa na kikohozi. Je, kilipona?"

Nilimwambia kilipona. Sikumwambia kwamba mama alishafariki kwa jambo lingine. Aliuliza kuhusu ndugu zangu, kila mmoja na mahali alipokuwa akifanya kazi wakati ule. Aliuliza kuhusu mbuzi wetu mwenye pembe moja. Machozi yalikuwa yakinitoka nami sikuyafuta, maana hakuna aliyewahi kunisalimu hivyo, na hakuwa na haraka yoyote.

Mpwa wake alitoka na chai, akamwinamia sikioni kutaka kumtajia jina la mgeni. Nilimtikisia kichwa. Akaweka vikombe chini, na Mratibu akaendelea kuuliza.